Umeme Wote Apewe Bubu

Watu hufa kwa kupigwa na umeme. Shemeji yangu alikufa kwa kunyimwa.

Na swichi nilikuwa nimeishika mimi.

Nimeshatoka jeshini, nina akili zangu timamu, sijanywa kitu. Anayetaka kuamini aamini.

Nilikuwa fundi umeme kwenye meli ya kivita. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini kabisa, kwenye chumba cha joto kisicho na dirisha, mbele ya ubao mkubwa wa swichi, na kugawa umeme wa jenereta. Pampu, redio, rada, jiko, hadi taa za vyooni. Vyote vilipitia mikononi mwangu.

Shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu, alikuwa meli hiyo hiyo. Tulipangwa pamoja kwa bahati tu. Yeye alisimamia chumba cha betri, nyuma ya meli.

Mke wangu aliposikia alifurahi mno.

"Sasa nitalala usingizi," alisema. "Mtaangaliana."

Shem alikuwa mtu wa maneno. Kila asubuhi lazima anipigie simu ya ndani ya meli.

"Shem, umeamka, au niwaambie wakuzime kabisa?"

Utani wa mashemeji, mnaujua.

Basi. Meli yetu ilikuwa kuukuu, na vita ilikuwa imepamba moto. Adui alikuwa anatutumia droni, vile vindege visivyo na rubani vinavyobeba mabomu. Kutengeneza droni ni kazi rahisi. Sisi tulikuwa tunazitungua kwa makombora, na makombora yakiisha huko baharini, hakuna duka la jirani.

Wakubwa wakaamua tufungiwe silaha mpya. Mzinga wa mwale.

Mzinga huu hautoi risasi. Unatoa mwanga mkali ambao hata huuoni, unakipiga kitu hadi kinaungua. Hakuna kishindo wala moshi wa baruti. Ukisimama pembeni yake unasikia mashine ikinguruma kama friji, basi.

Mabaharia hawachelewi. Siku hiyo hiyo wakaupa jina: Bubu.

Ili Bubu apate pa kukaa, mzinga wa zamani wa nyuma ukang'olewa, na betri za kumlisha zikawekwa kwenye chumba cha Shem.

Siku ya majaribio bahari ilikuwa imetulia tuli. Jua kali, anga safi. Wageni wa suti walijaa sitahani. Droni ya mazoezi ikapita taratibu, Bubu akageuza shingo, akaikodolea.

Kimya.

Halafu bawa moja likalegea kama plastiki juu ya jiko. Droni ikaporomoka majini.

Makofi! Watu walikumbatiana.

Mtaalamu aliyekuja na Bubu hakupiga makofi. Nilimkuta amesimama peke yake, anafuta miwani.

"Hongera," nikamwambia.

"Leo hakuna ukungu," akajibu. "Ukungu, moshi, mvuke wa chumvi, vyote vinakula mwale. Na lazima aikodolee droni sehemu moja hadi iungue. Ya kweli haitatulia hivi."

"Na umeme je? Jenereta zangu zina umri wa baba yangu."

"Nilisema meli iongezewe jenereta kwanza. Wakasema baadaye."

"Hiyo baadaye itatukuta sisi."

Tukacheka. Sitamsingizia, alikuwa mkweli.

Siku yenyewe ilifika mchana kweupe. Tulikuwa tunasindikiza meli za mizigo, sisi na meli nyingine moja ya kwetu iliyokuwa mbali, karibu na upeo wa macho. King'ora kikalia. Droni mbili.

Sauti ya Kapteni ikanijia kwenye spika.

"Fundi! Umeme wote apewe Bubu!"

Nikaanza kukata. Jiko. Viyoyozi. Taa za vyumba.

"Ongeza!"

"Kapteni, zimebaki rada, redio na pampu."

"Kata redio. Adui ninamwona kwa macho, nitaongea naye nini?"

Nikakata redio.

Juu nikasikia miguu ikirukaruka na watu wakipiga kelele za furaha. Ya kwanza imeanguka. Simu ikalia, ni Shem.

"Shem, umesikia Bubu alivyoongea?"

"Nimesikia. Betri zikoje?"

Akasoma mita yake. "Amezimaliza karibu zote. Nipe muda zijae."

Muda hatukuwa nao. Ya pili ilikuja betri zikiwa bado zinajaa, na mzinga wa zamani ambao ungeizuia ulikuwa umeshakuwa chuma chakavu nchi kavu.

Ilitupiga nyuma.

Nilirushwa hadi ukutani. Taa zikazima, zikawaka zile za dharura. Jenereta moja ikakohoa, ikafa. Harufu ya rangi iliyoungua ikaanza kuingia.

Simu ikalia tena. Simu zile haziendeshwi na umeme, sauti yako mwenyewe ndiyo inayozifanyisha kazi. Siku ile nilitamani zingekuwa za umeme.

"Shem, mlango wangu umepinda, haufunguki. Moto uko nje ya ukuta. Niletee maji."

Nikawasha pampu za moto. Nikasikia kupitia simu maji yanamwagika.

"Hapo sawa," akasema. "Umenipa na mvua."

Hapo hapo spika.

"Kuna nyingine inakuja! Fundi, Bubu! Mpe Bubu!"

Nikapaza sauti. "Kapteni, jenereta moja imekufa. Iliyobaki inabeba Bubu au pampu za moto. Siyo vyote. Na kuna mtu amenasa chumba cha betri."

"Nani?"

"Shemeji yangu."

Akavuta pumzi, niliisikia.

"Fundi. Ikitupiga tena tunazama wote. Mpe Bubu."

Sikumpa. Mkono ulikataa.

Shem alikuwa bado kwenye simu, amesikia yote.

"Bubu hana chaji, Shem," akasema. "Nina mita mbele yangu hapa, naiona. Zima pampu."

"Sizimi."

"Zima bwana! Akishaitungua unanirudishia maji. Kwani itachukua saa nzima? Ni kidogo tu."

"Dada yako ataniua."

"Meli ikizama hatapata wa kumuua. Fanya kazi yako, tukibishana betri hazijai."

Nikazima pampu. Nikampa Bubu.

Jambo ambalo wote tulikuwa tumelisahau ni moshi. Moshi wetu wenyewe. Ulikuwa umetanda nyuma ya meli, mbele ya jicho la Bubu, na mwale haupiti kwenye moshi. Kapteni akalazimika kuigeuza meli ili upepo uusukume pembeni. Meli ikageuka. Moshi ukaondoka.

Upepo ule ule ukausukuma moto kwenye ukuta wa Shem.

"Bado?" akauliza.

"Bado."

Akakohoa. "Bado?"

"Bado kidogo. Lala chini, Shem. Chini kuna hewa."

"Nimelala. Bado?"

"Bado kidogo tu."

Nikawa nasubiri aniulize tena.

Hakuuliza.

Juu kelele zikalipuka. Imeanguka! Bubu! Bubu! Nikaipiga swichi ya pampu kwa ngumi. Nikaita kwenye simu, nikaita, nikaita. Nilisikia maji tu.

Walipoukata ule mlango walinizuia nisiingie. Nawashukuru hadi leo.

Nilirudisha umeme kila mahali, nikapanda juu kuhakikisha redio zinafanya kazi. Si kwamba nilikuwa shujaa. Nilikuwa sijui pa kwenda. Kapteni alikuwa amesimama dirishani, shati limelowa jasho. Nikawasha redio.

Ikawaka na sauti ya mtu anayefoka. Ilikuwa meli yetu nyingine.

"Mbona mmetungua droni yetu? Tumewaita na kuwaita hamjibu! Tumeituma iwatazame mlivyoumia, tujue tulete msaada gani!"

Kapteni alikaa chini. Sakafuni, na vyeo vyake vyote begani.

Adui alituma droni mbili tu. Ya tatu ilikuwa ya kwetu. Walituita kwa redio niliyokuwa nimeizima ili kumlisha Bubu.

Mazishini mkubwa mmoja alisimama akasema marehemu alijitoa mhanga ili droni ya adui itunguliwe. Mama mkwe alipokea nishani kwa mikono miwili. Sisi tulioujua ukweli tulishaamriwa kufunga midomo.

Nasikia Bubu amesifiwa sana huko juu. Kafyatua mara mbili, kaangusha mbili, bila risasi hata moja. Hesabu haina kosa. Meli nyingine zimeshaagiziwa wa kwao.

Nilipotoka jeshini nilimwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo kitandani. Nilisema yote, pamoja na zile "bado" zake. Sikumficha kitu.

Alichukua shati langu.

"Yeye alijua ni ya kwetu?"

"Hakujua."

"Alikufa akidhani anawaokoa?"

"Ndiyo."

Akalikunja lile shati. Akalikunjua. Akalikunja tena.

"Basi mama asijue," akasema. "Mama hana kingine, ana hilo tu."

"Na wengine?"

"Wengine waambie. Kuna watu wana wadogo zao kwenye hizo meli."

Ndiyo maana nimeandika. Mama haingii mitandaoni.

Sisemi silaha hizi ni uongo. Bubu aliunguza kila alichoelekezewa, na siku watakapomjengea meli yenye umeme wa kumtosha, huenda ataokoa watu wengi. Mimi nilikuwa kwenye meli ya sasa hivi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, iwe jeshini, kazini kwako au nyumbani, wakikuletea chombo kipya kinachong'aa, usiishie kuuliza kinaweza kufanya nini. Uliza kikiwashwa kitazima nini. Halafu uliza nani yuko huko kunakozimwa.

Na usikubali waseme baadaye.