Nukta ya Bwana Foleni

Nimekaa ofisi moja na Bwana Foleni kwa muda mrefu, hata najua anavyokuwa akikataliwa. Kwanza anavua miwani. Anaifuta kwa ncha ya tai, anaivaa, kisha anaisoma tena ile barua pepe, kana kwamba alipokuwa anafuta miwani mhariri alikuwa anabadili mawazo huko aliko. Halafu ananiambia, "Dada, hawa watu hawajaisoma."

"Wameisoma, bwana," namjibu bila kugeuka. "Ndiyo maana wameikataa."

Jina la Bwana Foleni alipewa na wanafunzi wake wa hisabati. Maisha yake yote ya utafiti ni foleni: kwa nini watu wanapanga mstari, unarefuka vipi, unafupishwa vipi. Ukienda naye benki haendi dirishani. Anabaki mlangoni anahesabu vichwa mpaka walinzi waanze kumtilia shaka. Hajaoa. Mama yake, ambaye anakaa naye kwenye nyumba ya chuo, kila akimuuliza ataoa lini, jibu ni lile lile: makala ikitoka. Mama wa watu amesubiri makala hiyo kuliko mhariri yeyote duniani.

Mimi nafundisha takwimu, meza yangu inatazamana na yake, na sina subira na upuuzi. Nasema mapema ili nikianza kumsema usidhani namchukia. Ni mtu mwema, na tatizo lake lote ni jarida.

Mwaka huo alikuwa amekalia kuti kavu. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, na kamati ya chuo haikutaka kusikia kingine ila makala moja iliyokubaliwa na jarida la nje la hisabati tumizi. Kwamba wanafunzi wake wanamwelewa halikuwa jambo la maana. Tuna mwenzetu ambaye hajaeleweka na mtu tangu aajiriwe, na huyo ndiye profesa. Bila makala, unga unamwagika, na yeye na mama yake wanafungasha virago.

Basi akaandika, na rasimu ya kwanza, nasema kweli, ilikuwa nzuri. Ilikuwa fupi na mtu aliweza kuielewa. Hoja yake ilikuwa kwamba kwenye zahanati, wanaofuata dawa zao za kila mwezi wasipange mstari mmoja na wanaokuja kumwona daktari. Watengewe dirisha lao. Hesabu zake zilionyesha kwamba foleni ingekwisha kabisa.

Jarida likawapa wahakiki wawili. Wahakiki ni watu wanaoikosoa kazi yako huku majina yao yamefichwa; hujui ni mwanamume au mwanamke, unajua tu kwamba hawakupendi. Wa kwanza aliandika kwamba kazi inaeleweka kwa urahisi unaotia mashaka. Wa pili alisema hesabu haina kasoro, lakini jarida ni la hisabati tumizi na mwandishi hajaonyesha matumizi. Alete takwimu za foleni halisi. Pia ataje katika marejeo makala kadhaa muhimu, ambazo zote, kwa bahati tu, zimeandikwa na mtu mmoja.

"Huyo mtu ni nani?" nikamuuliza.

"Simjui."

"Mhakiki wako anamjua vizuri sana. Nadhani wanalala kitanda kimoja na wanavaa viatu vimoja."

Bwana Foleni alianza kumridhisha yule mhakiki wa kwanza, aliyeona kazi ni rahisi mno. Kila palipokuwa na neno akaweka herufi. Za Kirumi zikamwishia, akaingia za Kigiriki. Nazo zikamwishia, akaanza kuzivisha kofia na mikia. Palipoandikwa "mgonjwa" pakawa "kipengele cha seti". Mimi niliyesomea mambo hayo niliusoma ukurasa mmoja nikameza kidonge cha kichwa. Yeye akausoma akasema sasa imeanza kukaa sawa.

Ikabaki foleni halisi. Hiyo alijua pa kuipata: zahanati ya jirani na chuo, anakomchukulia mama yake dawa za presha, ambayo benchi zake zilikuwa zinajaa watu mpaka nje getini. Alitoka asubuhi na saa yake na kalamu. Alirudi muda si mrefu, akakaa, akashika tama, kama mtu aliyetoka kuzika.

"Dada, nimekwisha. Foleni haipo."

Kumbe miezi ya nyuma, siku moja alipokwenda kumchukulia mama yake dawa, alimweleza Sista mkuu wa zahanati lile wazo lake la dirisha la pili. Alimweleza kwa maneno ya kawaida, bila herufi hata moja. Sista hakudai uthibitisho wala marejeo. Wiki iliyofuata alihamisha makabati, akafungua dirisha la pili, na foleni ikafa. Watu wanafika, wanachukua dawa, wanakwenda zao.

"Si ndivyo ulivyotaka?" nikamuuliza.

"Nilitaka iishe kwenye makala," alisema.

Na hapa ndipo alipofanya jambo ambalo nadhani ni sisi tu wa chuoni tunaweza kulifanya, maana mtu mwingine angeona haya. Alikwenda kumwomba Sista airudishe foleni. Tulikwenda wote, kwa kuwa alisema nikiwepo itaonekana ni jambo la kitaalamu.

Sista alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mfukoni. "Mwalimu, nikuelewe vizuri. Unataka niwarudishe wagonjwa kwenye benchi, ili uandike namna ya kuwatoa kwenye benchi?"

"Kwa wiki moja tu, Sista."

"Siku moja. Na nakupa hiyo kwa sababu dirisha lilikuwa wazo lako. Mtu akizidiwa, nafungua."

Tulipotoka nilimwambia hata mimi ningeona aibu. Akaniambia aibu haina kipimo, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye mlinganyo. Nikatangulia mbele, kwa kuwa tulikuwa barabarani na nisingependa kumpiga mtu barabarani.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, wakati wa chakula, alimweleza mama yake. Alinisimulia mwenyewe, amefurahi. "Nimemwambia, mama, niombee kesho watu wawe wengi. Foleni ikiwa fupi hatuna makala, na bila makala tunahama. Akanishika mkono akasema, itakuwa ndefu, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Mama ana imani, dada."

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mlinzi wa getini alimpa kila anayeingia kadi yenye namba na saa aliyofika. Bwana Foleni alikaa ndani, nyuma ya dirisha la dawa, ameinamia karatasi. Mkono unapenya na kadi, anaipokea, anaandika saa, Sista anatoa dawa. Alikaa upande ambao hawezi kuona mtu. Alisema sura za watu zinaleta huruma, na huruma inaharibu takwimu.

Baada ya hapo akanionyesha mchoro. Kila mgonjwa alikuwa nukta, na nukta ikiwa juu maana yake huyo amesubiri zaidi. Nukta zote zilikuwa zimekaa pamoja chini, zimebanana vizuri. Isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa juu kabisa, karibu na ukingo wa karatasi, peke yake. Mtu huyo alifika geti halijafunguliwa na alipewa dawa dirisha likifungwa.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Sijui bado."

"Basi nenda zahanati ukaulize ni nani. Labda alilala. Labda alikwenda sokoni akarudi. Ukishajua, unaitoa au unaiacha."

Akanitazama kwa huruma, mimi mwalimu wa takwimu. "Nukta haiulizwi, dada. Nukta inafasiriwa."

Na akaifasiri. Aliongeza kurasa nzima za hesabu kuthibitisha kwamba katika kila foleni ya mstari mmoja lazima awepo mtu ambaye, kadiri anavyokaribia dirisha, ndivyo anavyosukumwa nyuma na nguvu za foleni yenyewe. Akamwita mgonjwa wa milele. Nilizikagua zile hesabu nikitafuta kosa, tena kwa hamu, na sikuliona. Zilikuwa nzuri hasa, na hilo liliniudhi.

Kuituma nako kulikuwa kazi. Tovuti ya jarida ilikataa nywila yake, ikakataa faili kwa kuwa ni kubwa, alipolipunguza ikalikataa kwa kuwa halina jina linalotakiwa. Mwisho ikamletea ukurasa wa viapo. Je, kazi hii ni yako? Ndiyo. Je, umeituma kwingine? Hapana. Je, una uhusiano wowote na watu waliopimwa katika utafiti huu? Akabonyeza hapana huku anakunywa chai.

Kisha ukaja ule muda wa kusubiri, ambao mtaalamu wa foleni aliuvumilia vibaya kuliko mgonjwa yeyote. Alifungua barua pepe kabla ya kufungua dirisha la ofisi. Nilimuuliza habari za nyumbani, akasema mama hajambo, ila miguu ilivimba akakaa ndani wiki nzima. "Uzee huu," akasema, akafungua barua pepe tena.

Jibu lilipokuja hakuvua miwani. Nikajua. Mhakiki wa kwanza aliandika kwamba sasa kazi ina kina, na kwamba sehemu ya kati hakuielewa, hongera. Wa pili alifurahi kuona makala za yule mtu zimetajwa zote. Na wote wawili, kila mmoja kivyake, walisema mgonjwa wa milele ni mchango wa kipekee, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Imekubaliwa. Bwana Foleni aliinamisha kichwa mezani akalia, na mimi, kwa maneno yangu yote, nilimshika bega nikalia naye kidogo. Kamati ikamwongezea mkataba kabla ya wiki kwisha.

Jumapili alituita nyumbani. Tulikuwa wachache: mimi, Sista, na mkuu wa idara, ambaye alikuja na nakala ya makala na kuishika muda wote kama yake. Mama alikaa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, amependeza, kila anayeingia anamwambia, "Mwanangu ametoka kwenye jarida." Nakala ikapita mkono kwa mkono ikamfikia. Akageuza kurasa mpaka alipokuta mchoro.

"Mwanangu, niko wapi hapa?"

Bwana Foleni akacheka. "Humo hamna majina, mama. Ni nukta tu."

"Basi nionyeshe nukta yangu. Si na mimi nilikwenda kuchukua dawa siku hiyo?"

"Ulikwenda?" Akaja akainama karibu yake, bado anatabasamu. "Ulifika saa ngapi?"

"Mimi ndiye wa kwanza. Mlinzi alikuwa hajafungua geti."

"Na ukapewa dawa saa ngapi?"

"Si ndipo huyu Sista alikuwa anafunga dirisha?"

Sista aliweka glasi yake chini. Bwana Foleni aliinyoosha ile karatasi kwenye mapaja ya mama yake, akaweka kidole juu kabisa, karibu na ukingo.

"Huyu ni mimi?" Mama alitazama kwa makini. "Mbona niko peke yangu?"

"Ulisubiri kuliko wote, mama. Kwa nini ulisubiri hivyo?"

"Kwani hukuniambia foleni ikiwa fupi tunahama?" Alisema bila kujisifu, kama mtu anayeeleza alivyopika. "Kila nikikaribia dirisha nilikuwa narudi nyuma, nawapisha wenzangu. Mstari ukawa unakaa vile vile, mrefu, mzuri. Mwisho wakaisha wote, sina wa kumpisha, nikaja mwenyewe."

"Lakini mimi nilikuwepo pale dirishani. Nilipokea kadi yako."

"Nilikuona. Ulikuwa umeinama unaandika. Ukaniambia asante, anayefuata. Nikaona nisikusumbue kazini."

Mkono huo ndio uliomlea, na uliingia dirishani mpaka puani pake, akapokea kadi, akaandika saa. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nikayaacha, maana niliona uchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa wa yule mama na wa mwanawe pia. Mkuu wa idara, ambaye hakuwa amesikia chochote kwa sababu alikuwa anatafuta mahali pa kusimama, alisimama, akainua glasi, akasema tunywe kwa heshima ya mgonjwa wa milele. Akanywa peke yake.

Bwana Foleni akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akaitazama ile nukta tena. Mama yake akaona uso wake umebadilika, naye akaingiwa na hofu.

"Nimekuharibia hesabu zako, mwanangu?"

Aliitazama miguu iliyokuwa juu ya kigoda. Bado ilikuwa na uvimbe, na alama ya kamba za viatu alivyovaa asubuhi haijatoka. Akapiga magoti pale sakafuni, mbele ya mkuu wake wa kazi, akaanza kuikanda.

"Hapana, mama," alisema. "Imeshakubaliwa."