Kisanduku cha Kina cha Matundu

Kwa miaka ishirini na sita Peng Chin-mei alichora njia za shaba za bodi za kompyuta, na katika ofisi yao ya Zhubei hapakuwa na mkono ulioushinda wake. Njia zinazotoka kwenye prosesa kwenda kwenye kumbukumbu huenda nane nane, na ishara zake lazima zifike pamoja, kama watu wanane waliobeba jeneza: mmoja akitangulia, maiti anayumba. Kwa hiyo njia fupi hupindwapindwa mpaka urefu wake ulingane na nyingine. Wenyewe huita kazi hiyo kufuga nyoka, na wateja walikuwa wakiomba nyoka wao wafugwe na Chin-mei.

Meza ya pili alikaa Wen Kuo-liang, mkaguzi. Hakuna mchoro uliokwenda kiwandani bila saini zao wote wawili. Miaka kumi na tisa walikula mchana pamoja, Chin-mei akimgawia mboga zake za haradali za chumvi, Wen akimkatia nusu ya paja la kuku, kisha taa za ofisi zilizimwa na kila mtu akalaza kichwa mezani kwa usingizi wa mchana. Wen alikuwa mkoromaji. Siku akiwa likizo, Chin-mei usingizi haukumjia.

Mwezi wa kumi na moja, upepo wa kaskazini ulipoanza, habari zikaja kwamba bodi elfu tatu zilizokwisha kupelekwa kwa mteja zinakwama kila chumba kikipoa. Meneja Liao akaitisha kikao saa saba na nusu mchana.

"Leo lazima nijue ni nani," alisema asubuhi. "Wakubwa wanataka jina."

Taa zilipozimwa mchana ule, Chin-mei hakulala. Alifungua mchoro, akapunguza mwanga wa skrini, akapitia kanuni za vipimo. Kisanduku kimoja hakikuwa na tiki: kile kinachoiambia programu ihesabu pia kina cha matundu, pale njia inapozama kutoka tabaka la juu kwenda la chini. Katika kila njia nane, mbili zilizama hadi chini kabisa. Kwenye skrini zote zilikuwa sawa, hata unywele haukuzidi. Kwenye bodi yenyewe zile mbili zilikuwa ndefu, na ishara zake zilichelewa, baridi kidogo ikatosha kuikwamisha.

Akakumbuka. Tiki ile aliiondoa yeye. Idadi ya matabaka ilikuwa bado inabadilika, maonyo mekundu yakaijaza skrini nzima, akakizima kisanduku apate utulivu, kama wafanyavyo wachoraji wote wa umri wake: zima kwanza, utawasha mwisho. Mwisho ulipofika kila kitu kilikuwa kijani, na kijani humlevya mtu. Programu ya Wen ilisoma kanuni zilezile, nayo ikaona kijani. Kwenye orodha ya ukaguzi Wen akatia tiki kwamba kina kimehesabiwa, kwa sababu siku zote kilihesabiwa. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyehifadhi faili mara ya mwisho, jina lililobaki ndani yake lilikuwa la Wen.

Wen mwenyewe alikuwa anakoroma hapo pembeni. Chin-mei angeweza kumwamsha. Simlaumu Chin-mei kwa kuogopa. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja akifukuzwa kwa kosa la namna ile, habari zake humtangulia katika kila ofisi ya mji. Namlaumu kwa yaliyofuata.

Kikaoni Liao, ambaye naye alikuwa amekigundua kisanduku, alimgeuzia Wen skrini.

"Bwana Wen, tiki hii ya nani?"

"Yangu."

"Na kisanduku nani kakizima?"

"Jina ni langu, meneja. Lakini sikumbuki kukigusa."

"Hukumbuki, au hukukigusa? Maana hayo ni mambo mawili."

Wen akavua miwani, akageuka. "Chin-mei, si wewe ndiye uliyenipa faili? Kilikuwa kimewashwa, au vipi? Wewe si mtu wa kusahau."

Neno moja tu lingetosha. Chin-mei alitazama kikombe chake cha chai.

"Kilikuwa kimewashwa, kaka Wen."

"Basi ni mimi," Wen akasema taratibu. "Nitakuwa nimekizima mimi."

Wen alifukuzwa, na Ijumaa akafunga vitu vyake. Chin-mei alimsindikiza hadi kwenye lifti, akimbebea boksi.

"Hebu niambie kweli, usinionee haya," Wen alisema. "Umewahi kuniona nasahau vitu hapa? Nimejaribu kuikumbuka siku ile, naona kiza tu. Baba yangu alianza hivi hivi."

"Acha bwana. Uchovu tu huo."

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Chin-mei haijafika mwisho mpaka leo. Hakuna aliyemshuku, na mwaka mpya alipandishwa cheo, akawa mkuu wa wachoraji.

Baada ya sikukuu alipigiwa simu na Tai Shu-fen, mke wa Wen.

"Dada Peng, samahani nakusumbua kazini. Huyu mwenzangu gari haendeshi tena, anasema atatuua. Jiko keshalizima, anarudi kulitazama mara tano. Anaandika kwenye karatasi hata kama ameshakula. Daktari kampima kichwa haoni kitu, lakini mwenyewe hakubali kwamba ni mzima. Kesho tunarudi, na daktari anataka kusikia kwa mtu aliyefanya naye kazi."

Chin-mei alijua dawa ya ugonjwa ule, na alijua iko kinywani mwake. Alijua pia kwamba akiitoa, kesho yake ni yeye atakayefunga boksi.

"Dada? Unanisikia?"

"Nakusikia, wifi."

"Hapo kazini alikuwa anasahausahau?"

"Kidogo," alisema Chin-mei. "Mwishoni mwishoni hivi."

Shu-fen alishusha pumzi, akamshukuru kwa kutomficha.