Hodi kwa Jakaranda

"Unabisha hodi kwa nani?"

Nilimuuliza Erastus swali hilo mwaka wa 1998, nikiwa na miaka minane, nimesimama bila viatu nyuma ya nyumba ya nyanya yangu, katika mtaa ule wa zamani wa nyumba za mawe hapa Machakos mjini. Alikuwa amevaa koti la suti, tai nyekundu na buti za mpira. Alikuwa ametoka kugonga shina la jakaranda mara tatu kwa mgongo wa panga. Ngo, ngo, ngo. "Hodi!" Kisha akaweka sikio kwenye gome na kungoja, kama mtu anayejua wenyeji wamo ndani ila wanajificha.

Alimgeukia nyanya akasema, "Mama Mbinya, nafikiri ningeanza na chai."

Mama Mbinya ndiye nyanya yangu Mutindi, ambaye sisi wajukuu tunamwita Susu. Siku hiyo hakuwa na hamu ya kupika chai. Ilikuwa Ijumaa, na mti wake ulikuwa umebakisha siku moja ya kuishi.

Kisa kilikuwa tawi moja lililokauka, nene kama kiuno cha ng'ombe, lililovuka ua na kuning'inia karibu na paa la jirani yetu Gathogo, mwuza misumari na saruji kutoka Murang'a. Gathogo alikuwa ametoka kuezeka mabati mapya mekundu, na kila upepo ukivuma alitoka nje kwa pajama kuyaangalia.

"Mama Mbinya, mimi nakuheshimu," alimwambia Susu. "Lakini huu mti uko mpakani, na hiyo kitu ikianguka itanipata kitandani. Jumamosi naleta watu wa msumeno wa injini. Mti ulale, sisi tuamke."

"Kivuli hiki nimekikalia miaka thelathini nikisuka viondo," Susu akamjibu. "Sijui kukalia kingine."

Wakaafikiana hivi: tawi likishushwa kabla ya Ijumaa jioni bila kugusa hata bati moja, mti utabaki. Bati likibonyea, mti wote chini.

Ndipo Susu akamwita Erastus. Huyu alikuwa mwana wa mchongaji wa vinyago wa Wamunyu, lakini alikataa kazi ya baba yake. Alisema miti ilifika pale kwao ikiwa imeshakufa, na yeye hakutaka kuwa mtu wa kupamba maiti. Akaja mjini akaandika kibao: DAKTARI WA MITI. MATAWI, MIZIZI NA USHAURI. Kibao hicho alikifunga kwa kamba ya katani kwenye mti wa mgrevilea mbele ya duka moja. Mwenye duka alipomwuliza kwa nini hakukipigilia, alimjibu, "Wewe ukienda hospitali unapigwa misumari?"

Basi siku hiyo alimpima mgonjwa kwanza. Alizunguka shina mara nne, mikono nyuma.

"Alianza kukohoa lini?"

"Nani?" Susu akauliza.

"Mti."

"Erastus, mti haukohoi."

"Basi hiyo ni dalili nzuri."

Akanywa chai. Akarudi akabisha hodi, akasikiliza, akakumbuka kwamba dawa nyingine haifanyi kazi kwenye tumbo tupu, akala viazi vitamu vitatu. Saa nane ikapita. Alipobisha mara ya tatu, Susu alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hodi!" akasema Erastus.

"Karibu!" Susu akapaza sauti. "Haya, umeitikiwa. Panda!"

Erastus akautazama mti. Akamtazama Susu. Akavua koti, akalikunja vizuri kama mtu anayeacha urithi, akapanda na tai yake.

Tawi lilihitaji kushikiliwa kwa kamba ili lisianguke ghafla. Erastus alipitisha kamba juu ya panda la tawi lililokuwa hai, akafunga ncha moja kwenye lile lililokauka, nyingine akaitupa chini. "Nataka watu wenye mikono!" akaita. Susu akaleta kikundi chake cha mwethya, wanawake kumi ambao miaka na miaka wamesaidiana kuchimba mabwawa na matuta ya mashamba ya watu. Mikono walikuwa nayo. Ila mtu wa mwethya hainui hata kijiko bila wimbo. Kiongozi wao, Kasiva, hutoa mstari, wengine huitikia, na pale pa kuitikia ndipo jembe hushuka au kamba huvutwa. Hilo Erastus hakulifikiria.

Alikata kidogo kutoka chini, kisha kutoka juu, ili gome lisichanike hadi kwenye shina. Tawi likalia kwaa! likakatika, likabaki linaning'inia. Wanawake wakalikaza barabara, hata bati halikupepewa.

"Sasa legezeni polepole!" Erastus akaita.

Kasiva aliupenda mstari huo. "Legezeni polepole!" akaimba.

"Eee!" wakaitikia kumi, wakavuta.

Tawi likapanda juu mita nzima.

"Hapana, msivute!"

"Hapana, msivute!"

"Eee!"

"Mama Kasiva, nakuomba!"

"Mama Kasiva, nakuomba!"

"Eee!"

Sasa tawi lilikuwa limemfikia Erastus na kumkumbatia kama shangazi wa kutoka mbali. Tulimwona buti tu. Susu, mwenye mti, ndiye aliyekuwa anavuta kwa nguvu kuliko wote, macho amefumba, shingo imelegea kwa utamu.

Gathogo akaruka ua, mikono kichwani. "Ngai! Mnalipeleka wapi, mbinguni? Lete kamba niwaonyeshe!" Akashika kamba awaonyeshe jinsi ya kulegeza. Kasiva akatoa mstari mwingine. "Eee!" akaitikia Gathogo, akavuta. Baadaye alisema hajui ilikuwaje.

Kisha kule juu, kati ya majani, ikatoka sauti kama ya geti lisilotiwa grisi. Erastus alikuwa anaimba. Lakini hakuimba wimbo wa kuvuta. Alianzisha ule wa kutoka kazini, ambao kila ukiitikia unapiga hatua moja mbele kuelekea nyumbani. Maneno aliyatunga palepale, maana jiko la Susu lilikuwa upande wa mti.

"Chai iko jikoni!"

"Twende!" wakaitikia, wakapiga hatua.

"Na viazi vimebaki!"

"Twende!"

Hatua kwa hatua wakausogelea mti na kamba yao mkononi, na tawi likashuka, likapita kando ya ukuta wa Gathogo, likalala juu ya sukuma wiki zake. Mabati hayakuguswa. Sukuma wiki hazikuwa kwenye makubaliano.

Gathogo alizitazama, akamtazama Susu, akasema, "Basi. Nipeni hiyo chai mliyoimba."

Tawi lilishuka saa kumi. Erastus alishuka saa kumi na mbili. Alisema alikuwa anamwangalia mgonjwa.

Sasa niko kidato cha tatu, na jakaranda bado imesimama, na Susu bado anasuka chini yake. Erastus amekuwa mtu mkubwa. Ana vijana wanne wenye kofia ngumu na mikanda ya kupandia, na kadi anazogawa hata kanisani. Likizo ya Agosti iliyopita alikuja kuupunguza mti tena. Alisimama chini na tai yake nyekundu, akagonga shina kwa mgongo wa panga.

"Hodi!"

"Mzee Erastus," nikamwambia, "kuna swali uliniachia tangu nikiwa darasa la pili. Huwa unabisha hodi kwa nani?"

Aliangalia kama vijana wake wako mbali. Kisha akainama kwenye sikio langu.

"Msichana wangu, mimi naogopa juu tangu nizaliwe. Kabla ya huu, mti mrefu zaidi niliowahi kupanda ni mpapai. Nilikuwa nabisha nikiomba mtu aseme hakuna watu, rudi kesho. Halafu nyanya yako akasema karibu."