Pasi ya Kupanda na Pasi ya Nguo

Kitu chenyewe kilikuwa na urefu wa kidole, cheusi, bapa, kimejaa miguu ya chuma pande mbili kama tandu. Ndicho kilichokuwa ubongo wa kompyuta niliyokuwa nikiiunda kwa mikono yangu katika chumba cha kupanga karibu na Kapkatet, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Neno kompyuta wenzangu kiwandani walilisikia kwangu kwa mara ya kwanza, na walilipokea kwa dhihaka. Nikipita na bisibisi mfukoni utasikia mtu akipaza sauti, "Komputa, hebu tuhesabie majani!" Nilikuwa mtu wa hasira za karibu siku hizo, kwa hiyo walinitania zaidi.

Nilikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha chai, mgeni niliyetoka upande wa Kisii. Kazini nilitengeneza mota za feni za kunyaushia majani. Nikirudi nilifungua redio zilizokufa na kuzing'oa transista. Vitufe nilivitoa kwenye mashine mbovu ya kujumlishia iliyotupwa na ofisi. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari, maana nyumbani hakukuwa na stima. Kazi ya kuchomelea iliyohitaji mkono mwepesi nilimtumia fundi redio wa Kericho mjini: nafunga kibao kwenye gazeti, nampa kondakta wa basi la asubuhi, na siku ya pili kinarudi. Lakini ile chipu, yaani huo ubongo wenyewe, haikupatikana Kericho, wala Nakuru, wala Nairobi. Niliipata kwa posta kutoka kwa mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akifundisha Kabianga, baada ya yeye kurudi kwao Ulaya. Ilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa ameitafuta sana.

Na wiki ile ndiyo iliyokuwa ya kuamua. Kampuni ilitaka kumpeleka mtu mmoja Nairobi kwa mafunzo ya elektroniki. Mhandisi mkuu, aliyeamini kwamba nacheza tu, alinisimamisha mlangoni pa chumba cha boila akaniambia, "Jumatatu asubuhi lete hiyo mashine yako. Ikijumlisha mbele yangu, jina lako linaenda. Isipojumlisha, usinitajie tena." Mashine ilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa kuipachika chipu kwenye soketi yake, nami Ijumaa niliiacha mezani kwenye sponji yake nyeusi, kwa sababu nilikuwa nimechoka na zamu na sikutaka kuiharibu.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane wa Kikipsigis, mwenye shamba dogo la chai nyuma ya nyumba. Binti zake walikuwa wameolewa mbali. Aliniita weri, yaani kijana kwa lugha yao, nami nilimwita mama, na hatukuwa tunaigiza. Nikichelewa kazini nilikuta ugali wangu umefunikwa, na nikiumwa hakwenda kuchuma chai. Kiswahili chake kilikuwa na mchezo wake: b iligeuka p, d ikawa t, g ikawa k. Alipanda "pasi" kwenda Litein, akanunua "mapati" ya kuezekea, akafuga "pata" waliomkorofisha jirani. Nilikuwa nimekaa kwake kiasi cha kujiona mtaalamu. Alipotamka neno, mimi nililinyoosha kichwani kabla halijatua, na nilijisifu kwa hilo.

Jumamosi adhuhuri nilitoka zamu, nikamwona upande wa pili wa barabara, kikapu cha majani mgongoni, akikimbilia kituo cha kununua chai kabla karani hajafunga mizani. Lori lilikuwa linanguruma kati yetu.

"Weri!" alipiga kelele. "Panya imeingia kwa nyumba! Ile kitu yako nimeweka kwa pasi!"

"Umeweka wapi?"

"Kwa pasi! Usijali!"

Akapotelea kwenye foleni ya wachumaji.

Nami nikalinyoosha neno kama kawaida yangu. Basi. Mama ameona panya, amekumbuka kwamba vitu vyangu huenda mjini kwa basi, na amempa kondakta chipu yangu. Fundi redio alikuwa amekwenda matangani kwao, duka limefungwa. Basi lile lilipita Kericho likaendelea hadi Nakuru. Chipu yangu ilikuwa katikati ya kuku na magunia ya viazi, na miguu yake ilikuwa laini kiasi kwamba ukiikunja na kuikunjua inakatika.

Sikufika hata nyumbani. Nilidandia lori la kampuni lililokuwa likielekea mjini, nikasimama nyuma nimeshika chuma, nikamtukana panya, nikamtukana kondakta, na Mungu anisamehe, nilimtukana na mama. Kila kona nilinyoosha shingo kutazama kama basi liko mbele. Niliona chai, chai, na chai tena, na siku hiyo niliichukia.

Basi nililikuta bado stendi ya Kericho, lilikuwa likingoja kujaa, injini inanguruma, utingo akifunga mizigo juu. Nilipanda ngazi ya nyuma bila kumuuliza mtu nikaanza kufungua vifurushi. Mwanamke mmoja akapiga mayowe kwamba naiba. Watu wakaanza kusogea, na wengine walikuwa tayari wameshaokota mawe. Kondakta ndiye aliyeniokoa, akaniteremsha kwa kunivuta shati. Alikuwa Mkipsigis pia, na tulijuana kwa ajili ya vifurushi vyangu.

"Wewe fundi, leo umeingiwa na nini?"

"Chipu yangu! Ile mama amekupatia asubuhi!"

"Mama hajanipatia kitu."

"Amesema mwenyewe! Ameweka kwa pasi!" Kwa hasira nilimwiga mama, neno likatoka vilevile alivyolitamka yeye.

Kondakta akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Pasi kani? Hii ya kupanda, ama ile ya nguo?"

Mama alikuwa na pasi ya makaa, nzito, yenye kifuniko na komeo la umbo la jogoo. Panya hawezi kufungua pasi. Nyumbani mwake hapakuwa na mahali salama kuliko pale. Lakini ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi jioni majirani wote hunyoosha nguo za kanisa, na pasi yenyewe ilikuwa ile moja, ikizunguka nyumba hadi nyumba. Anayeiazima kwanza ndiye anayeitia makaa. Nani angechungulia ndani kwanza? Watu humwaga makaa humo kwa koleo wakiwa wanazungumza.

Safari ya kurudi ilinitesa. Mvua ya alasiri ilianza, magari yakapungua. Nilipata trekta lililonipeleka kwa mwendo wa kobe hadi njia panda, na kutoka hapo nikakimbia mlima kwa viatu vya kazi vilivyojaa maji. Nyumbani mlango ulikuwa wazi, mama hayupo. Pale kwenye rafu ambapo pasi hukaa palikuwa na duara la majivu tu.

Nilikimbilia kwa jirani, mama mmoja wa kwaya. Nilimkuta uani chini ya paa la jikoni, ameishika pasi kwa mpini, anaipunga mbele na nyuma ili makaa yashike. Moshi ulikuwa unatoka kwenye matundu yake. Sikusalimu. Niliinyakua kwa mkono wa kulia, ubavuni penye moto, nikaifungua na kuyamwaga makaa yote chini. Moja likarukia kanzu nyeupe ya kwaya iliyokuwa imetandikwa mezani, likatoboa tundu begani. Jirani alipiga kelele. Mimi nilikuwa nimepiga magoti napekua makaa kwa kijiti. Hapakuwa na kitu. Makaa na majivu, basi.

Hapo ndipo mama alipoingia, ametoka kutafuta kuni. Nilimgeukia nikamfokea mbele ya jirani yake, maneno ambayo hakuna kijana anayemwambia mzazi. Kwamba amenimaliza. Kwamba miezi yangu yote ameiteketeza kwa ujinga wa panya. Aliniacha nimalize. Kisha akafungua fundo la kitambaa alichojifunga kichwani, na ndani ya fundo ilikuwamo chipu, ingali kwenye sponji yake nyeusi.

"Pasi inaazimwa," alisema. "Kichwa yangu haiazimwi."

Nilikaa chini palepale kwenye majivu. Ndipo mkono ulipoanza kuniuma.

Jumapili baada ya kanisa tulikaa chumbani kwangu. Kiganja changu alikuwa amekipaka samli na kukifunga kitambaa, kwa hiyo chipu niliipachika kwa mkono wa kushoto huku yeye akishikilia ubao usiteleze. Mguu mmoja ulikuwa umepinda. Niliunyoosha kwa kucha bila kupumua. Nikagusisha waya kwenye betri na hakikutokea chochote. Nikakwangua kichwa cha betri kwa kisu, nikagusisha tena, na taa nyekundu zikawaka, sifuri zimejipanga mstari. Nikabonyeza saba, nikaongeza tano. Ikaandika kumi na mbili. Nililia, wala sioni haya kusema.

Mama alizitazama zile taa.

"Sasa kesho ikifanya hivi, wewe unaenda Nairopi kama ulisema?"

"Naenda, mama."

"Na kama jana ingeungua?"

"Ningebaki kiwandani. Ningebaki hapa."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaniambia kwamba jirani alipokuja kuazima pasi, yeye alimwambia angoje nje kidogo. "Nilifungua, nikaona hiyo kitu imelala pale ndani," alisema, macho bado kwenye taa. "Nikafunga tena. Nikakaa chini kwanza."

Sikuweza kumuuliza alikaa kwa muda gani. Niliutazama mkono wangu, uliofungwa kwa kipande cha kitambaa kilekile cha kichwani.

"Halafu nikatoa," akasema. "Sasa zima, weri. Petri isiishe. Kesho utaihitaji."