Majani Barabarani Sekenke

Dada yangu aliposikia mwanangu amekuja kutoka Dar na gari jipya, hakuuliza habari za gari. Alimwambia binti yake anipigie simu, akaichukua mwenyewe, akasema, "Mlete nimshike mkono. Unajua ninavyoumwa. Usikawie."

Nilijua. Tumbo lilikuwa limevimba, hospitali walishamrudisha nyumbani. Macho nayo yalikuwa yameondoka zamani, yote mawili yana ukungu, mtu akisimama mlangoni anaona kivuli tu. Kwa hiyo watu aliwajua kwa kuwashika. Ukimwamkia anachukua kiganja chako, anakipapasa kama anachambua maharage, halafu anakutaja jina.

Mwanangu huyu nilimzaa mimi, lakini aliyemnyonyesha ni dada. Titi langu lilijaa usaha wiki ile ile niliyojifungua, la pili likakauka kwa homa. Dada alikuwa na mtoto wake mchanga. Akaja kwangu Mtinko kwa miguu na kwa lori, akamchukua wa kwangu, akarudi naye kwake Shelui. Mmoja huku, mmoja huku, mpaka wakatembea. Mwanangu alipoanza kutambaa akatia mkono wa kushoto kwenye jiko la dada, kaa likamshika kiganjani. Dada akampaka asali mwezi mzima. Kovu lipo mpaka leo, limejikunja katikati ya kiganja. Hilo ndilo alilotaka kulishika.

Basi nikamwambia mwanangu, "Baba, kesho tunakwenda kwa mama yako mkubwa." Namwita baba kwa sababu amebeba jina la baba yangu. Akasema, "Sawa mama, tena utaona maajabu ya gari."

Sikutaka maajabu. Nilitaka kufika.

Asubuhi tukaondoka. Kutoka kwangu mpaka kwenye lami ni vumbi na makorongo, aliendesha mwenyewe, analalamika kila shimo. Gari lenyewe ni kubwa, refu kwenda juu, ilibidi niwekewe kigoda ndipo nikapanda. Ndani viti vya ngozi, baridi kama kisima. Nilikaa mbele na kikapu changu mapajani, kuku wawili wa dada na chupa ya asali. Akaniambia niweke kuku nyuma kabisa, wasije wakachafua. Nikaweka.

Tulipokamata lami akabonyeza kitu. Taa ya kijani ikawaka kwenye usukani. Akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeshikwa na polisi, akanigeukia akicheka.

"Mama, ona. Linakwenda lenyewe."

Kweli lilikwenda. Usukani ulikuwa ukigeuka kidogo kushoto, kidogo kulia, hakuna aliyeugusa. Mimi niliogopa, sioni aibu kusema. Nikashika mlango.

"Shika usukani wewe!"

"Linaona hizi alama nyeupe za barabarani, mama. Linaona na gari la mbele. Linaona kuliko mimi."

"Na hako kajicho hapo juu ya usukani?"

"Hako kananiangalia mimi kama niko makini." Akavaa miwani nyeusi. "Sasa hakanioni." Akacheka tena.

Mbele kidogo ng'ombe walikuwa wanavuka. Nikapiga kelele, "Ng'ombe!" Gari likapunguza mwendo lenyewe, likasubiri, likaendelea. Akasema, "Umeona?" Baadaye mtu wa baiskeli na mkaa wake. Nikapiga kelele. Gari likamkwepa vizuri. Mara ya tatu ilikuwa basi lililosimama kushusha abiria, nikashika mkono wa mwanangu. Akautoa mkono wangu taratibu, akaurudisha mapajani kwangu.

"Mama, tulia. Utanipa presha. Hili limetengenezwa na watu waliosoma."

Hilo neno liliniingia. Mimi niliishia darasa la nne. Nikajiambia, huenda mimi ndiye mjinga humu ndani, maana kweli mara tatu nimepiga kelele, na mara tatu gari lilikuwa limeshajua.

Yeye akachukua simu. Akampigia rafiki yake kwa ile simu ya kuonana sura, anamwonyesha usukani unavyogeuka. "Mikono hewani, kaka! Singida hii! Niko na mama!" Akanigeuzia simu, sura ya mtu nisiyemjua ikaniamkia, "Shikamoo mama, unafaidi!" Nikaitikia marahaba.

Tukapita Misigiri. Tukaanza kuukaribia mteremko wa Sekenke.

Hapa niseme jambo ambalo mtu yeyote wa barabara ile analijua. Gari likiharibika, dereva anakata matawi ya miti yenye majani mabichi, anayatandaza barabarani nyuma ya gari, hatua nyingi kabla, rundo moja, halafu jingine. Ile pembetatu nyekundu ya sheria inaibiwa, lakini matawi hakuna anayeyaiba. Ukiona majani unajua mbele kuna gari limekufa, punguza mwendo. Mimi nimepanda malori na magunia ya vitunguu miaka mingi kwenda mnada wa Shelui, nimekaa juu ya magunia hayo, nimewasaidia madereva kukata matawi hayo kwa panga langu mwenyewe. Majani nayajua kama ninavyojua mlango wangu.

Niliyaona. Rundo la kwanza, upande wetu, kabla ya kona. Majani mabichi, hayajanyauka hata kidogo, maana yake gari limekufa sasa hivi.

Mdomo ulifunguka. Halafu nikaufunga. Nikakumbuka mkono wangu ulivyorudishwa mapajani. Nikasema moyoni, linaona kuliko sisi, litapunguza lenyewe kama lilivyofanya kwa ng'ombe. Nikangoja lipunguze.

Halikupunguza. Kwa gari lile majani ni majani. Likapita juu yake, tukasikia yakivunjika chini ya matairi. Rundo la pili nalo likapita. Ndipo nikasema, "Baba, majani!" Yeye bado anaongea na rafiki yake. "Majani gani?" Tukamaliza kona, na lori likawa pale, limejaa mashudu ya alizeti, limesimama katikati ya njia yetu.

Gari likapiga kelele zote lilizo nazo. Mwanangu akatupa simu, akashika usukani, akaukata kwenda kushoto. Tukatoka barabarani, tukapanda mawe. Mifuko ya hewa ya gari ikafumuka mbele yetu, moshi, harufu kama ya baruti. Likasimama limeinama, gurudumu la mbele limelala, mafuta meusi yanachuruzika chini.

Hatukuumia. Nyonga yangu tu, na kuku mmoja alikufa.

Dereva wa lori alikuja anakimbia. Mtu mzima, kaptula imejaa grisi. Alipoona tuko hai akavuta pumzi, akamtazama mwanangu.

"Bosi, hukuona majani?"

"Gari halikuona."

"Gari?"

"Linajiendesha. Lina kamera."

Yule dereva akamtazama, akalitazama gari. "Kumbe leseni anayo gari. Basi wewe ulikuwa abiria, bosi. Ungelipa nauli." Halafu akanigeukia. "Shikamoo mama. Pole sana. Na wewe hukuona?"

Nikasema, "Niliona nimechelewa."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza siku ile.

Mwanangu akaanza kupiga simu. Fundi, bima, gari la kuvuta kutoka Singida mjini. Wakamwambia asubiri. Mimi nikakaa kwenye jiwe. Simu yangu ikaita, binti wa dada. "Mama mdogo, mko wapi? Anauliza kila saa. Mikono yake imeanza kuwa ya baridi."

Basi la Shelui likatokea. Dereva wa lori akalisimamisha kwa ajili yetu, akamwambia kondakta kuna mgonjwa anatusubiri.

"Baba, twende," nikasema.

"Mama, siwezi kuliacha gari hapa. Watalichuna. Taa moja tu ya hili gari hujui bei yake."

Yule dereva akasema, "Bosi, mimi siendi popote, fundi wangu anakuja jioni. Nenda kwa mgonjwa. Nitalilinda."

Mwanangu akamtazama, kaptula na grisi na ndala. Akaniambia mimi, "Tangulia mama. Gari la kuvuta likija tu, nakuja. Baada ya saa mbili tatu hivi."

"Mama yako mkubwa anakufa."

"Usiseme hivyo. Atangoja."

Kondakta akapiga bati. Nikapanda na chupa ya asali na kuku mmoja. Nilipogeuka nilimwona amekaa kwenye kivuli cha gari lake. Njia nzima lilikuwa halimhitaji. Sasa lilimhitaji akae kulilinda.

Dada alikuwa amelazwa chumba cha mbele, godoro chini, wanawake wamemzunguka. Nilipoamkia akajua sauti. Akanyoosha mkono. Nikampa wangu. Akapapasa kiganja, katikati, akarudia tena polepole.

"Huu ni wako wewe," akasema. "Wa kwake uko wapi?"

"Yuko njiani."

Na kweli alikuwa njiani. Dada akatulia, akabaki ameshika mkono wangu. Kila mlango ulipolia aligeuza uso. Mara ya mwisho aliyeingia alikuwa jirani amebeba uji. Dada akasema, "Siyo yeye," bila kumshika. Alasiri, kabla wanaume hawajarudi kutoka msikitini, akakata roho. Vidole vyake ilibidi nivifungue mimi, kimoja kimoja.

Mwanangu alifika magharibi, amepewa lifti na gari hilo hilo lililovuta lake. Alikuta vilio. Akasimama uani na simu mkononi, hajui aiweke wapi.

Asubuhi wakamzika. Shehe aliuliza watoto wa marehemu ni wepi, wa kuwazaa na wa kuwanyonyesha, maana hao ndio wanaoruhusiwa kushuka kaburini kumpokea mwanamke. Binti wa dada akamwonyesha mwanangu. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, nilisimuliwa tu. Walisema alishuka, akampokea kwa mikono miwili, akalia mpaka wenzake wakamwambia atoke. Aliporudi nilimmiminia maji anawe. Udongo mwekundu ulikuwa umejaa ndani ya kovu.

Akaniuliza, "Mama mkubwa alisema nini?"

"Alisema siyo wewe."

Sikumweleza zaidi. Aelewe anavyoelewa.

Ndugu zangu walisema nimekuwa mkali kwa mtoto anayelia. Labda. Lakini kuna jambo sikumwambia yeye wala wao, na ukali wangu mwingine unatoka huko. Niliyaona majani. Rundo la kwanza kabisa, mapema, nafasi ya kupunguza ipo. Ningesema neno moja tungefika Shelui kabla ya saa sita, na dada angeshika kovu lake. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu ya kukemewa mara ya nne. Mwanamke wa umri wangu, niliyekata majani hayo kwa panga langu, nikaliachia gari kazi ya macho yangu.

Juzi amenipigia simu. Gari limetengenezwa, limerudi Dar. Amefurahi. Anasema wameliongezea akili, sasa linaona mbali zaidi, linaona hata mtu akiwa gizani, linaona mbuzi. Anasema sikukuu ya Idi atakuja nalo anichukue, tukazuru kaburi.

Nikamwuliza, "Majani je?"

"Majani gani, mama?"

Nikamwambia kuku wanaingia ndani, nikakata simu. Kuku hawakuwa wameingia. Idi ikifika nitapanda basi.