Mshenga Aliyelala Kifudifudi

Habari ya kifo cha fundi ilinikuta nimekaa. Nilikuwa Masasi mjini kwa muuza supu, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya, nikimhadithia mwenye supu jambo ambalo sasa silikumbuki, simu ikaita. Alikuwa binti yake mkubwa, yule anayefundisha shule ya msingi huko Newala. Akaniamkia, nikaitikia. "Baba mdogo," akasema, "baba ametutoka alfajiri. Tunazika saa kumi." Nikasimama. Sijui nilisimama nifanye nini, ila nilisimama, na supu ikapoa pale pale mezani. Nikapanda gari la kwanza la Newala, na tangu tunatoka Masasi mpaka gari lilipoanza kuguna kuupandisha uwanda, nilikuwa nawaza jambo moja tu: huyu mtu nimemjua miaka kumi na tisa, na siku nilizomwona amekaa nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, tena vinabaki vya kushikia kikombe.

Alikuwa fundi cherehani. Nikisema sare zote za shule kutoka Newala mpaka Lulindi zilipita mikononi mwake nitakuwa nimeongeza chumvi, lakini siyo kijiko kizima. Wenzake hushona wamekaa, miguu ikikanyaga pedali. Yeye alishona amesimama, kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, juu ya meza aliyoiinua kwa matofali ya saruji mpaka ikawa kama mimbari. Tulifahamiana kwenye masomo ya jioni, mimi nikiwa na ndevu tayari na yeye akiwa na watoto watatu, tukifundishwa na mwalimu ambaye angeweza kuwa mdogo wetu wa mwisho. Darasani pia fundi alisimama, mgongo ukutani, daftari kiganjani. Mwalimu alipomwambia akae, alijibu kwa adabu kwamba kutoka pale anauona ubao vizuri zaidi. Mimi nikadhani ni mapenzi ya elimu. Nilimheshimu sana kwa hilo, na mtihani tulifaulu wote wawili, mimi kwa kishindo kilichosikika mpaka ng'ambo ya Ruvuma.

Miaka michache baadaye, kwenye kijiwe cha kahawa nyuma ya soko, fundi alipokea kikombe chake, akasimama kama kawaida, akasema, "Jamani, hiki kiuno changu..." Hakumaliza. Nilimmalizia mimi. Nilisema basi kesho twende wote tukampe pole shemeji yetu, na kijiwe kizima kikaangua kicheko. Nyote mnajua tulichocheka. Kwetu mwanamume anaweza kutaja goti, jino, hata bawasiri, akapewa pole yake. Akitaja kiuno, watu wanaacha kumsikiliza yeye, wanaanza kumfikiria mkewe. Kesho yake kuna aliyemwekea mezani chupa ya mizizi iliyolowekwa. Mwingine akaleta mihogo mibichi, mwingine karanga na vipande vya nazi, na wiki haijaisha meza ya cherehani ilikuwa genge kamili. Yeye alicheka pamoja nasi. Alikuwa na kicheko kizuri, cha puani. Lakini tangu siku ile sikumsikia tena akilitamka neno kiuno, na aliyemuuliza kwa nini hakai alijibiwa kwa neno moja: "Nimezoea."

Sasa twende Chidya. Mke wangu kwao ni kijiji kimoja cha karibu na hapo, watu wa korosho na karanga, Waislamu wa siku nyingi, wenye utaratibu wao. Umri ulikuwa umenitupa mkono, nikahitaji mshenga mwenye maneno yaliyopigwa pasi, na katika uwanda wote wa Makonde sikuona mwingine ila fundi. Tulishuka na gari la mizigo. Mimi mbele na dereva, yeye nyuma, amesimama, ameshika bomba. Nikasema moyoni, unyenyekevu gani huu. Kama ilivyo desturi, mimi nilibaki dukani njia panda, kwa hiyo yanayofuata niliyapata kwa aliyekuwa nyuma ya pazia, ambaye leo ndiye mama wa watoto wangu. Anasema walitandika mkeka mpya, wakaleta na kiti kwa heshima ya mgeni, wakamkaribisha. Fundi akashukuru, akasimama. Wakaongeza mto. Akashukuru tena, akasimama. Mjomba mkubwa akamuuliza nani amefariki, maana kwenye nyumba zile mtu anayeingia akakataa kiti amebeba msiba au ugomvi. Fundi akasema hakuna aliyefariki, amekuja kwa heri. "Kwa heri gani hiyo isiyokaa?" mjomba akauliza, akaanza kutafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu. Nyuma ya pazia, mchumba wangu akajua ndoa imekwisha kabla haijaanza.

Ndipo mama mkwe, ambaye siku ile hakupaswa kufungua mdomo, akasogea mlangoni akijifuta mikono kwa kanga.

"Baba," akamwambia fundi, "unaumwa wapi?"

"Kiuno, mama."

Mama mkwe hakucheka, na kwa kuwa yeye hakucheka, wajomba nao hawakuthubutu. "Halafu?"

"Halafu kinashuka. Kinaingia takoni, nyuma ya paja, nyuma ya goti, kinateremka na mguu mpaka kidole gumba. Kama mtu anavuta uzi wenye moto. Nikikaa, ndiyo anakaza."

"Tangu lini?"

"Ni miaka, mama."

"Lala hapo," mama mkwe akasema. "Ugonjwa wangu kama huo ulitokana na ndoo za maji na jembe la karanga, naujua. Lala kifudifudi, egemea viwiko. Hawa watakusikia hivyo hivyo."

Akalala. Kanzu imenyooka, kofia haijasogea, mshenga wangu alilala kifudifudi mbele ya ukoo mzima, akaitoa posa yangu akizungumza na vidole vya miguu vya wajomba. Mke wangu anaapa kwamba maneno mazuri kama yale hajayasikia tena, hata kutoka kwangu. Mjomba mkubwa akaona haifai kuongea na kisogo cha mgeni, naye akajilaza ubavu. Chai ilipoletwa, mjomba wa pili alikuwa amelala pia, anaonyesha mahali gunia la korosho lilipomkata mgongo. Nilikubaliwa kabla hawajauliza nafanya kazi gani.

Umecheka, msomaji wangu. Sikulaumu, nimeiandika ucheke, na ndivyo nilivyoisimulia miaka yote, harusini, kijiweni, mpaka kwenye kikao cha wazazi shuleni. Kila mara niliongeza mjomba mmoja aliyelala. Mwishoni walikuwa saba. Ila kuna kitu nilikuwa nakiruka. Kutoka pale mshenga alipokataa kiti nilikwenda moja kwa moja pale alipolala. Swali la mama mkwe nililiacha, kwa sababu halichekeshi, linapunguza mwendo wa hadithi. Newala nzima ikamjua mshenga aliyelala, na hakuna aliyejua kwamba aliulizwa anaumwa wapi.

Kabla hajaondoka, mama mkwe alimwagiza aende hospitali, na fundi akamtii. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimweleza kwamba kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kiunoni kwenda mguuni, na wake umebanwa pale unapochomoza kwenye uti wa mgongo. Akamwambia asilale kutwa nzima kama mgonjwa, atembee kidogo kidogo, majora ya vitambaa ayainue kwa kukunja magoti na si kwa kuinama, na mara kadhaa kwa siku alale kifudifudi aegemee viwiko, karibu sawa na alivyoagizwa Chidya. Tena akamwonya kwamba siku akipata ganzi sehemu za kukalia, au haja ndogo ikigoma, asingoje kesho. Fundi akafuata. Idi ya mwaka ule alikaa kwangu, kwenye mkeka, mguu ameukunja, akala pilau mpaka sinia likaonyesha maua yake ya chini. Hiyo ni mojawapo ya zile siku za vidole vya mkono mmoja.

Lakini mazoezi yale yalitaka afanye kutwa, tena kazini, chini sakafuni, mlango wazi. Wateja wakawa wanachungulia. "Fundi, leo unaposa wapi?" Akapita mwingine, naye akauliza kama wajomba wamekubali. Hiyo ilikuwa hadithi yangu, imetoka mdomoni mwangu, imekwenda mpaka kibandani kwake. Akaanza kufunga mlango. Wakauliza fundi anafunga mlango mchana kwa kazi gani. Mwisho akaukunja mkeka akauweka juu ya kabati. Vidonge vya maumivu havina shida hiyo. Vinamezwa mtu amesimama, kwa funda moja la chai, na duka la dawa hakuna anayekuuliza neno. Alivihifadhi kwenye kopo la vifungo. Miaka ilipita hivyo, nami nikimwona anazungusha cherehani na tabasamu usoni, nikasema kiuno kimepona. Hata miguu ilipoanza kuvimba alisema ni kusimama kwingi. Alipofikishwa hospitali, figo zilikuwa zimekwisha kuchoka, na daktari akamwambia binti yake kwamba vidonge vile, miaka yote hiyo bila kupimwa, vilichangia sana.

Nilikwenda kumwona wiki tatu kabla hajafa. Nilimkuta kitandani, nikakaa kwenye benchi, na yeye akawa wa kwanza kutania. "Mwanafunzi mwenzangu, leo umekaa wewe, nimelala mimi." Nilitaka kumwomba radhi. Mimi, ambaye maneno hayajawahi kuniishia tangu niote meno, nikaanza kumsimulia habari za barabara ya Masasi. Akaniona ninavyohangaika. "Ile ya Chidya isimulie tu," akasema. "Ila ukifika pale, uweke na swali la mama." Akafumba macho, na mimi nikabaki nimeshika chupa ya maji niliyomletea.

Basi nimeliweka, fundi.

Siku ya mazishi tulirudi kutoka makaburini, mikeka ikatandikwa chini ya turubai, watu wakakaa. Ukutani alibaki mzee mmoja nisiyemfahamu, amesimama. Mabega yake yalikuwa ya mtu aliyebeba mashine ya kupulizia salfa misimu mingi, huku injini ikimtikisa uti wa mgongo kutoka mkorosho hadi mkorosho. Jirani yangu akanong'ona kwamba wengine wanaringa hata misibani. Mwingine akamvutia mkeka, akambembeleza akae. Yule mzee akatabasamu. "Nimezoea," akasema.

Lile neno lilinichoma. Nikainuka, nikamwendea. "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba. Nikamuuliza anaumwa wapi. Alinitazama kwanza mdomoni, kuona kama nitacheka.

"Kiuno," akasema taratibu.

"Halafu?"

Nikaufunga huu mdomo wangu, ambao haujawahi kufungwa bila ugomvi, nikamsubiri apite pajani, azunguke goti, ateremke na mguu mpaka mwisho wake. Kumbe ni safari ya dakika mbili. Fundi sisi hatukumpa hata sekunde tatu, na miaka iliyofuata akaimaliza peke yake, na kopo la vifungo. Mtu akikutajia kiuno, ndugu msomaji, msindikize mpaka kidole gumba, ndipo useme lako.