Kioko na Watakatifu wa Shaba

Kioko alizaliwa Wamunyu, Ukambani, ambako mtoto hushika tezo kabla hajashika kalamu. Baba yake alichonga twiga na swara wa mti wa muhugu hadi watalii walipoadimika. Basi Kioko akafungasha, na mwaka 2014 akajikuta Doha, ndani ya sare ya soja, mlangoni pa duka la sanamu kule The Pearl, kisiwa cha matajiri.

Duka lenyewe liliuza shaba. Watakatifu wa Kijerumani wa kale, wakulima walionuna, mwanamke anayelia, shela limemshuka hadi kwenye nyusi. Wote nakala, wamemiminwa kiwandani na kugongwa nambari kama ng'ombe wa mnada. Kioko aliwadharau. Kutwa kucha aliwatazama waking'aa kama viatu vya mwanasiasa, na wateja waliponyamaza mbele yao kana kwamba wako kanisani, alimeza kicheko.

Siku moja mama wa Kiqatari akaulizia yule mwanamke anayelia. Muuzaji alikuwa Phyllis, dada wa Nakuru, aliyekariri maneno ya meneja kama kasuku.

"Fundi mkuu aliifinyanga shaba hii kwa mikono yake mwenyewe," alisema.

Kicheko kikamponyoka Kioko.

"Unacheka nini wewe?" mama akauliza.

"Samahani, madam. Shaba haifinyangwi. Huyu alichongwa kwa mti." Akasogea, akaonyesha begani. "Nyuzi za mti hizi. Ufa huu ni gogo lililokauka likapasuka. Na hapa shavuni patasi iliteleza, fundi akaligeuza kosa likawa chozi. Huyo ndiye fundi! Hawa wa kiwandani walitengeneza kalibu tu, wakamwaga shaba ndani, pamoja na kosa lenyewe."

Mama akaligusa chozi kwa kidole. Akamnunua mwanamke yule papo hapo.

Kioko alijua kazi imeota mbawa. Badala yake meneja akamletea suti, akamwita mtaalamu kutoka Afrika. Miezi mitatu alieleza patasi na nyuzi za mti kwa watu waliotikisa vichwa kwa unyenyekevu, halafu wakauliza kama ipo ya kahawia, iendane na mapazia. Mapazia! Jioni akijitazama kwenye kioo, alijiona naye ameanza kung'aa ovyo.

Kisha meneja akasema, "Waambie ukoo wenu ulifundishwa kuchonga na Mjerumani. Hadithi itanoga."

"Ukoo wetu ulijifunza kwa Mmakonde, bosi. Mjerumani alitupatia risasi tu, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Akavua koti, akalitundika kwenye mkono wa mtakatifu aliyekuwa karibu. Kesho yake alihamishiwa mtaa wa Al Thumama, kulinda maegesho ya magari ya nyumba za kupanga, kwenye joto la kukaanga yai. Alilala vizuri kuliko miezi yote ile.

Ijumaa moja Phyllis akamfuata huko, simu imejaa picha.

"Kaka Kioko, nifundishe. Ipi ilitoka kwa mti, ipi kwa udongo? Nimechoka kudanganya watu na ukweli wenyewe siujui."

Kioko akamkazia macho, akitafuta dhihaka usoni pake. Hakuiona. Akafuta jasho, akaipokea simu.

"Hii ilifinyangwa kwanza kwa udongo," alisema. "Tazama, fundi aliacha alama ya dole gumba hapa shingoni."

Phyllis akainama kuangalia.